Nyumba Moja kwa Bei ya Tatu

Mvua ikinyesha, Mama Pacha alijua kila chombo kinakaa wapi. Ndoo ya bluu chini ya dirisha. Sufuria kuukuu karibu na kitanda cha watoto. Beseni la kufulia katikati ya chumba, pale ambapo bati lilikuwa na tundu kubwa kuliko yote.

"Mama, sufuria imejaa!" pacha mmoja alikuwa akipiga kelele.

"Kaimwage basi. Miguu hiyo umepewa ya nini?"

Walikuwa wapangaji. Walikaa vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Mama Pacha alikuwa dobi wa hospitali. Alifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa. Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima walimwita Fundi. Madirisha yote ya nyumba ile aliyatengeneza yeye, badala ya kulipa kodi, mwaka ambao kazi zilikuwa haba. Yalikuwa madirisha mazuri. Yalifunga bila kulia.

Asubuhi moja bibi mwenye nyumba aliwaita wote wawili. Alikuwa amekaa kizingitini, fimbo mapajani.

"Wanangu, magoti yamekataa," alisema. "Naenda kukaa kwa binti yangu. Nyumba nauza. Nawapa nyinyi kwanza, maana mmeitunza. Mwisho wa mwezi ujao nikiwa sijaona kitu, nauza kwa mwingine. Msije mkanilaumu."

Alitaja bei. Mama Pacha akamwangalia mumewe. Akiba yao yote ilikuwa kama theluthi ya bei ile. Iliyobaki ilikuwa ya kukopa.

"Tutanunua, bibi," Fundi alisema, kabla mkewe hajafungua mdomo.

Siku hiyo Mama Pacha alipiga pasi mashuka huku akiichora nyumba kichwani. Hapa meza. Pale kitanda cha mtoto mmoja, kule cha mwingine. Bati jipya. Ndoo zirudi kwenye kazi yake ya kuchotea maji.

Jioni alimfuata mumewe kwenye karakana.

"Baba Pacha, tuulize mikopo sehemu kadhaa. Kuna benki. Kuna ule ushirika wa akiba na mikopo karibu na hospitali. Wauguzi wengi wamejenga kwa mikopo ya huko."

Fundi aliweka randa chini.

"Mke wangu, unajua wateja ninaowachukia? Wale wa kuzunguka. Mtu anakuja, anapapasa mbao, ananipimisha mlango, ananipotezea asubuhi nzima. Kisha, 'Nitarudi, fundi.' Huyo, kwa fundi mwingine! Sasa na mimi nianze kuzunguka mjini kama wao? Sina haya?"

"Kuuliza bei ni kukosa haya?"

"Wakopeshaji ninao. Ile ofisi yenye vioo, mlango wake nimeutengeneza mimi. Unajua walinilipa lini? Siku ileile. Bawaba ya mwisho sijaikaza, pesa mkononi. Wewe mwenyewe unajua watu wangapi wamekula jasho langu katika mji huu. Anayemlipa fundi siku ileile ni mtu mwaminifu. Basi."

Mama Pacha aligeuka, akarudi ndani. Katika ndoa yao, mambo ya nguo yalikuwa yake na mambo ya nyumba yalikuwa ya Fundi. Hivyo ndivyo walivyozoea. Msomaji, mazoea kama hayo yamewafukuza wengi majumbani mwao.

Kesho yake walikwenda. Mlango ulikuwa unang'aa. Fundi aliupapasa kama mtu anayempapasa mtoto wake kichwani.

Ndani palikuwa na ubaridi wa mashine. Kijana mwenye tai alisimama, mikono miwili mbele.

"Shemeji! Karibu shemeji yangu! Na huyu ndiye dada yangu? Dada, umeolewa na fundi hodari, hujui tu!"

Mama Pacha alijiuliza huyu kaka amezaliwa kwao lini. Baadaye alikuja kujua kwamba kijana yule alimwita kila mwanamume shemeji, na mtaani jina lake likawa hilohilo, Shemeji.

Shemeji aliwaletea soda. Aliuliza habari za watoto. Kisha akauliza wanalipa kodi kiasi gani.

"Eti? Hiyo yote inakwenda kwa mwenye nyumba? Unatupa, shemeji! Ongeza kidogo tu juu yake, hayo ndiyo marejesho yako ya kila mwezi. Na nyumba ni yako."

Alitaja marejesho hayo. Kweli yalikuwa madogo.

"Tutalipa kwa miaka mingapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada, miaka inakimbia. Wewe angalia mwezi."

"Na jumla? Mpaka tumalize tutakuwa tumelipa kiasi gani?"

"Makubwa! Dada yangu kumbe mhasibu!" Shemeji alicheka. Fundi naye akacheka. Kicheko cha Shemeji hakikumuuma Mama Pacha. Cha mumewe kilimuuma.

Shemeji akaendelea kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa nini wakope ya nyumba tu? Wakope na ya bati. Wakope na ya pikipiki ya kubebea mbao. Kipato chao ni kidogo? Hakuna neno, ataandika kikubwa zaidi. "Ofisi inapenda namba nzuri. Haya ni ya kwetu sisi ndugu." Akageuza karatasi moja baada ya nyingine, akionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Sehemu nyingi zilikuwa wazi.

"Mbona hapa hapajaandikwa?"

"Nitajaza mwenyewe, dada. Nakupunguzia kazi."

"Nipe nikasome nyumbani."

"Karatasi hazitoki ofisini. Ni utaratibu. Njooni Ijumaa mtie sahihi. Ikipita Ijumaa, riba inapanda, na mimi sitaweza kuwasaidia. Leo mlipe ada ya maombi tu."

Fundi alilipa. Ilikuwa pesa ya kuumiza.

"Risiti?" Mama Pacha aliuliza.

"Ijumaa, dada. Vyote kwa pamoja."

Njiani Fundi alitembea kifua mbele. "Umeona heshima ile? Hata soda."

"Soda nimeiona," mkewe alisema. "Risiti sijaiona."

Nyumba ya jirani alikaa mkunga mstaafu. Ndiye aliyewapokea mapacha siku walipozaliwa. Watu walimwita Mama Ufunguo, kwa sababu shingoni alivaa ufunguo kwenye kamba. Watoto walimtania kwamba ni ufunguo wa peponi. Yeye hakucheka, wala hakuwafukuza. Alikodi chumba kimoja, na mlango wake ulifungwa kwa waya.

Mama Pacha alimkuta anaanika nguo. Akamweleza yote, kuanzia soda mpaka Ijumaa. Mama Ufunguo aliacha kuanika.

"Jumla ni kiasi gani?"

"Hakusema."

"Karatasi mmepewa?"

"Hazitoki ofisini."

"Kuna nafasi tupu atakazojaza mwenyewe? Na riba itapanda ikipita Ijumaa?" Mama Ufunguo alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza. "Na amekuita dada."

"Umejuaje, mama?"

"Mimi aliniita mama mzazi."

Kisha akaanza kusema, polepole, kama anayemweleza mwanamke dalili za hatari kabla ya kujifungua.

"Sikiliza, mwanangu. Marejesho ya mwezi ni chambo. Uliza jumla. Ukijua jumla, umejua bei. Mimi nilikuwa na nyumba yangu tayari. Nilijenga kwa mshahara wa kukesha na wanawake wenye uchungu. Nikakopa kidogo nimalizie vyumba vya uani, nikaweka nyumba dhamana. Mwaka wa kwanza nililipa marejesho madogo. Mwaka wa pili yakapanda. Nikauliza. Wakaniambia, soma ukurasa wa nyuma. Huko nyuma paliandikwa riba inaweza kubadilika wakati wowote wao wakitaka."

"Wao tu?"

"Wao tu. Tena riba yenyewe ilihesabiwa kwa deni zima. Nimeshalipa nusu, bado ninatozwa kana kwamba sijalipa hata senti. Nikachelewa siku chache. Faini. Faini nayo ikawekewa riba. Nikaenda kwa ndugu zangu, wakachanga nilimalize deni lote. Unajua nini? Kumaliza mapema nako kulikuwa na faini! Na mwisho wa mkopo kulikuwa na lundo moja la kulipa kwa mkupuo, ambalo hakuna aliyewahi kunitajia."

"Hukushtaki?"

"Nilikwenda kila ofisi. Kila ofisi waliniuliza swali moja. 'Sahihi hii ni yako?' Ilikuwa yangu. Niliitia ofisini kwao, nikinywa soda."

Mama Pacha alimshika mkono. "Twende ukamwambie mume wangu. Mimi ananicheka."

Fundi alikuwa akipiga msasa. Alipomwona Mama Ufunguo, alifuta benchi kwa kitambaa, kwa adabu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Heshima yako ipo palepale, mama. Lakini wale watu nimefanya nao kazi. Walinilipa siku ileile."

"Najua walikulipa," Mama Ufunguo alisema. "Walikulipa kwa nyumba yangu."

"Mlango ule haukuwa wa—"

"Sisemi mlango wa ofisi. Nasema kitasa."

Fundi aliweka msasa chini.

"Ulikuja asubuhi na askari wawili na yule wa tai. Vitu vyangu vilikuwa barabarani. Godoro, sufuria, cheti changu cha ukunga. Wewe ulipiga magoti mlangoni kwangu, ukang'oa kitasa changu cha shaba, kile chenye mkwaruzo, ukaweka kipya. Uliponipita uliniambia, 'Pole mama, mimi ni fundi tu.'"

Siku ile Fundi hakuwa amemwangalia usoni. Lakini kazi yenyewe aliikumbuka. Ilikuwa kazi nyepesi, malipo papo hapo. Alikuwa ameambiwa nyumba ni ya ofisi, mpangaji mkorofi amegoma kutoka. Hakuuliza zaidi. Baada ya ile alifanya nyingine mbili za namna hiyo.

"Mama, sikujua."

"Hukuuliza. Ndiyo maana wanakulipa haraka. Fundi anayelipwa haraka hana muda wa kuuliza." Akasimama. "Nilipohamia hapa nikakuta ni jirani yako. Nilitaka kukuchukia. Lakini mkeo nilimzalisha. Ijumaa ni yako, mwanangu. Mimi nimesema."

Alipoondoka, Fundi alikaa kitako juu ya vumbi la mbao. Mkewe alikuwa na mengi ya kusema, na yote angeyasema kwa haki. Aliyameza.

"Kesho tuzunguke," hatimaye Fundi alisema, bila kuinua macho.

Wakazunguka. Fundi aliona aibu kwenye kila mlango, akajikaza. Swali lilikuwa lilelile kila mahali. Tukikopa kiasi hiki, mpaka tumalize tutakuwa tumelipa jumla gani, pamoja na ada zote? Riba inahesabiwa kwenye deni zima au kwenye deni linalobaki? Inaweza kupanda? Tukichelewa je? Tukimaliza mapema je? Tupeni kwa maandishi, tukasome.

Benki, karani aliangalia viatu vya Fundi vyenye gundi kabla ya kuwaangalia wao. Riba ya benki haikuwa mbaya, lakini kulikuwa na ada ya kuthamini nyumba, bima, mwanasheria, na walitaka hati za mshahara ambazo seremala hana. Kampuni nyingine ilitaja riba ndogo kuliko benki. Mama Pacha akauliza kama inaweza kupanda. Wakasema, "Kwa kawaida haipandi sana." Akaondoka na jibu hilo kama alivyopewa.

Kwenye ushirika walimkuta afisa wa mikopo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza.

"Riba yetu ni kwenye deni linalobaki," alieleza. "Kila ukipunguza deni, riba nayo inapungua. Haipandi mpaka mkataba uishe. Ukimaliza mapema, tunakupongeza, hatukutozi. Kila kitu kiko humu, chukueni mkasome. Msichoelewa, mpelekeeni mtu anayejua sheria. Lakini niwaambie ukweli. Mnatakiwa muwe wanachama na muweke akiba kwa muda kwanza. Na kwa kipato chenu, nyumba hiyo ni nzito. Mtashindwa, na mimi sitaki kuja kuwatoa."

"Kuna mtu alisema ataandika kipato kikubwa zaidi," Fundi alisema.

"Mtu huyo hatalipa yeye. Ana leseni?"

"Ukutani kuna karatasi kwenye fremu," Fundi alisema.

"Anayekopesha lazima awe na leseni. Mwambie akuonyeshe, kisha kaulizieni kwa mamlaka inayozitoa. Usiishie kwenye fremu iliyoning'inia ukutani. Fremu hata fundi anaweza kuitengeneza."

Fundi aliinamisha kichwa. Fremu ile aliitengeneza yeye.

Waliporudi, Fundi alichukua ubao mweupe na penseli yake ya useremala. Mkewe akasoma, yeye akaandika. Mstari mmoja benki, mmoja kampuni, mmoja ushirika. Mbele ya kila mmoja, jumla ya kulipa. Mwisho wakaandika Shemeji. Jumla yake hawakuwa nayo, ikabidi wakamuulize Mama Ufunguo mkopo wake ulikuwa wa miaka mingapi, na lundo la mwisho lilikuwa sehemu gani ya deni, wakazidisha miaka hiyo na marejesho yale madogo. Kisha wakaongeza lile lundo la mwisho. Fundi alirudia hesabu. Akairudia tena.

"Mama Pacha. Hizi ni nyumba tatu."

"Ndiyo."

"Tungelipa nyumba tatu ili tupate moja."

"Na usipomaliza ya tatu, hata hiyo moja huna," mkewe alisema.

Ijumaa hawakutia sahihi. Walikwenda kudai ada yao. Shemeji hakusimama, hakuleta soda. Ghafla undugu ulikuwa umekwisha.

"Ada hairudishwi. Mna risiti?"

Hawakuwa nayo. Walitoka kupitia mlango aliouchonga Fundi, na haukulia hata kidogo.

Mwisho wa mwezi ule bibi aliuza nyumba. Sasa ungetegemea niseme mwenye haki alishinda. Hapana. Aliyenunua alikuwa mwalimu kijana, ana mke na mtoto mchanga, na pesa aliipata kwa Shemeji. Mama Pacha alimfuata kumwonya. Mwalimu alimsikiliza huku ameshika funguo mpya.

"Mama, naelewa," alisema. "Nyinyi mlitaka nyumba hii, mkaikosa. Pole."

Aliona ni wivu. Kumwonya mtu aliyekwisha kutia sahihi ni kama kumwita aliyeko ndani ya kisima.

Wakahama. Chumba walichopata kilikuwa kidogo kuliko vile viwili. Wakajiunga na ushirika, wakaweka akiba mwezi hadi mwezi, na mara nyingi walichukia kila kitu, hata wao wenyewe. Mapacha waliuliza mbona wamerudi nyuma. Jibu halikuwa rahisi.

Hatimaye walikopeshwa. Wakanunua nyumba ndogo pembezoni mwa mji, haijapigwa lipu, madirisha ni matundu tu. Kabla ya kusaini walisoma mkataba nyumbani, ukurasa wa nyuma kabla ya wa mbele. Mwanasheria wa ushirika akawasomea tena. Wakahakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye hati. Hakukuwa na nafasi tupu hata moja. Jumla waliijua, na ilikuwa chini sana ya bei ya nyumba mbili. Fundi alitengeneza madirisha upya. Bati halivuji. Mvua ikinyesha, Mama Pacha bado huamka, kwa mazoea, akitafuta ndoo. Kisha hukumbuka, hulala.

Siku moja mtu alikuja karakana kutoka ile ofisi ya vioo.

"Fundi, kuna kitasa cha kubadilisha. Kazi ndogo. Malipo papo hapo."

"Nyumba gani?"

Akaielekeza. Ilikuwa nyumba ya bibi. Nyumba ya mwalimu. Yale madirisha yasiyolia.

"Sibadilishi," Fundi alisema.

"Mafundi wako wengi."

"Najua. Ndiyo maana mnafanikiwa."

Kweli walimpata mwingine. Kabla jua halijazama, godoro la mtoto lilikuwa barabarani. Fundi na mkewe walikwenda kusaidia kubeba vitu. Safari hii mwalimu hakudhani ni wivu. Alishika upande mmoja wa kitanda, Fundi akashika wa pili.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Fundi alikuwa akikiahirisha. Mafundi hawatupi vitasa vikuukuu, kwa sababu ya springi zake. Kwenye karakana alikuwa na boksi zima. Baada ya siku ile ya mwalimu alilimwaga chini, akachambua kimoja kimoja, mpaka akapata kile cha shaba chenye alama ya mkwaruzo. Akakisafisha, akakitia mafuta.

Alikwenda kwa Mama Ufunguo na tindo na bisibisi. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alitoa ule waya mlangoni, akachonga nafasi, akakaza kitasa. Mama Pacha alisimama pembeni.

"Jaribu, mama," Fundi alisema.

Mama Ufunguo alivua kamba shingoni. Ufunguo uliingia. Ukageuka, klaki, kama umegeuka jana.

Alifunga. Akafungua. Akafunga tena. Kisha akaangalia chumba chake cha kukodi kupitia ufa wa mlango, kitanda kimoja na jiko moja, na kodi ya mwezi ujao hajaipata.

"Kitasa kimerudi," alisema. "Nyumba bado wanayo."